KI ipi hii? Namna ya kuitambua na kuitumia bila kubahatisha

Kisu kikianguka, usikidake kitoto.

Maneno manne tu, na ndani yake mna KI tano. Hakuna mbili zinazofanya kazi moja. Ya kwanza ni ya jina lenyewe, kisu. Ya pili inasema kilichoanguka ndicho hicho kisu. Ya tatu inaweka sharti: endapo. Ya nne inasimama badala ya kile kisichotakiwa kudakwa. Ya tano inaeleza udakaji wenyewe, ule wa kitoto.

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu: risala, kadi za harusi, tasnifu, hata matangazo ya dukani. Wanaoanza kuandika, na watoto wa ndugu waliokulia Muscat au London, huniuliza swali lile lile: "KI maana yake nini?" Swali limekaa vibaya. KI ni kama utingo wa lori. Akiwa juu anapanga mizigo, akiwa chini anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akiwa mbele anamwelekeza dereva. Ukitaka kujua anafanya nini, tazama kwanza amesimama wapi.

Kabla hujaanza, weka mezani:

- Aya moja ya Kiswahili, mistari kumi hivi, iliyoandikwa na mtu mwingine. Ukianza na ya kwako, jicho litapita juu ya makosa uliyoyazoea.
- Penseli na kifutio.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi nyingi huonyesha upatanisho, yaani namna maneno mengine yanavyolifuata jina, kando ya jina lenyewe, kama [ki-/vi-] au [a-/wa-]. Hiyo mabano ndogo ina thamani kuliko maelezo yote yanayoifuata.
- Sauti yako. Utasoma kwa sauti, kwa hiyo usikae maktaba.

Istilahi ni tano tu. Nomino ni jina la kitu au mtu. Kitenzi ni neno la tendo. Ngeli ni kundi la majina yanayopatanishwa kwa namna moja. Kiambishi ni kipande kinachobandikwa kwenye neno, kama ki- ya kiti. Mzizi ni kinachobaki ukivua viambishi.

1. Zungushia duara kila KI, halafu kila CH

KI ikikutana na irabu mara nyingi hugeuka CH, na wingi wake VI hugeuka VY. Ndiyo maana tunasema chombo na vyombo, chama na vyama, cheo na vyeo, choo na vyoo. Tazama mzizi -umba: nyumba, jumba, chumba, kijumba. Ni familia moja iliyobadilisha nguo tu.

Kipimo ni wingi. Ukipata VY, hiyo CH ilikuwa KI. Usipoipata, iache: chupa ni chupa hata zikiwa mia, chungwa ni machungwa, chai haihesabiki. Chura atakusumbua, maana wingi wake ni vyura lakini ni mnyama, basi subiri hatua ya 4.

Tahadhari: si kila KI hugeuka mbele ya irabu. Kiatu, kioo, kiapo, kiungo na kiazi zimebaki kama zilivyo. Usihangaike kutafuta kanuni hapa. Yakariri kama ulivyokariri majina ya shangazi zako.

2. Futa duara za KI zisizo viambishi

"Kila" si kiambishi na neno. Ni neno zima. "Kisha" inayounganisha sentensi, vivyo hivyo. "Kilo" nayo: kilo mbili za sukari, kamwe si vilo viwili.

Lakini yapo maneno yaliyokuja kutoka nje yakiwa na KI yao, na Waswahili wakaichukua kama kiambishi. Kitabu ni Kiarabu, na kwa Kiarabu KI hiyo si kiambishi bali ni sehemu ya neno lenyewe; sisi tukasikia ki-tabu, tukazaa vitabu. Kibiriti kikazaa vibiriti. Kilabu ikawa vilabu, vya mpira na vya pombe. Ninayoipenda kuliko zote ni kiplefti, ule mzunguko wa barabarani ambao jina lake limetokana na kibao cha Kiingereza cha kumwambia dereva ashike kushoto. Leo mji una viplefti vinne na hakuna anayecheka.

Kinyume chake ni vita. Inaanza na VI, inapatanishwa na VI (vita vimeisha, Vita vya Pili vya Dunia), na haina umoja. Usitunge "kita".

3. Tenganisha majina na vitenzi

KI iliyo mwanzo wa jina, sifa au neno la namna, iandikie J. Iliyo ndani ya kitenzi, iandikie T. Za J zinakwenda hatua ya 4 hadi 6. Za T zinasubiri hatua ya 7.

4. Kwa jina, uliza kwanza: kina uhai?

Kalamu yangu nyekundu huishia wino hapa.

Kama ni kitu, KI hutawala sentensi nzima: *Kiti changu kile cheusi kimevunjika.* Wingi: *Viti vyangu vile vyeusi vimevunjika.* Angalia sifa zinazoanza na irabu: cheusi, cheupe, chekundu, chote. Lakini -ingi na -ingine hubaki na KI: kingi, kingine. Unguja utasikia "chengine", na ni Kiswahili chao halali. Kwenye maandishi sanifu andika kingine.

Kama ni mtu au mnyama, umbo la jina linabaki KI na VI, ila kila kinacholifuata huhamia kwa watu: *Kiongozi wetu amefika. Viongozi wetu wamefika. Kiboko mkubwa ameingia shambani. Vipepeo wale wameruka.* Kundi hili lina kijana, kinyozi, kiziwi, kipofu, kifaru, kinyonga, kiroboto, kiumbe, na yule chura wetu: chura ameruka, vyura wameruka.

Niliwahi kuletewa risala ya ufunguzi wa zahanati iliyosema "viongozi vyetu vimewasili". Aliyeiandika alikuwa ameshika kanuni barabara: jina limeanza na vi-, basi vi- mpaka mwisho. Ingesomwa hivyo hivyo mbele ya mkuu wa wilaya, na wageni wangekuwa wamewasili kama viti vya kukodi.

Sasa tahadhari kubwa. Kuna wakati mtu hupewa upatanisho wa kitu kwa makusudi. *Kitoto kile kinalia* ina mapenzi au ina dharau, kutegemea sauti. *Kijitu hiki kimekuja tena* haina mapenzi hata chembe. Ukimwandikia mkubwa "kijana chako kimefika" ukidhani umekosea sarufi tu, mwenzio atasoma tusi.

Majina ya ulemavu yana mtego wa ziada. Upatanisho wake ni wa watu: kipofu amefika, viziwi wameketi. Ila kwa kuwa ki- hiyo hiyo hutumika kudunisha, wengi hawataki kuitwa kilema wala kiwete. Sheria ya Tanzania ya 2010 inasema watu wenye ulemavu, na badala ya kipofu wengi huandika asiyeona. Viziwi kwa upande wao wamelishika jina lao. Chama chao Tanzania ni Chama cha Viziwi, CHAVITA. Basi usifute kila ki- kwa kudhani ni matusi, wala usiiache kila mahali. Andika jina ambalo mwenyewe anajiita.

5. Uliza: ni KI ya udogo?

Kutengeneza udogo, vua kiambishi cha zamani kisha vika ki-: mlima huwa kilima, mlango kilango, mfuko kifuko. Jina lisilo na kiambishi linavikwa tu: gari, kigari.

Mzizi ukibaki na silabi moja, ingiza ji katikati. Jaribu bila ji uone: mti ungekuwa kiti, mto ungekuwa kito, mtu angekuwa kitu. Vyote vitatu vina wenyewe tayari! Kwa hiyo kijiti, kijito, kijitu. Na mji ukawa kijiji. Majina yenye ki- tangu mwanzo nayo huchukua ji: kisu, kijisu, kitabu, kijitabu.

Mengine yamesahau udogo wake. Kijiji kikubwa si mgongano wa maneno, na kijana anaweza kuwa mrefu kuliko baba yake.

Udogo huu pia ni adabu. Mwenye nyumba atakwambia "karibu kijumba changu" hata kama ni ghorofa. Wewe mgeni usimjibu "asante, kijumba chako kizuri".

Nairobi, Bukoba na Kongo utasikia katoto, kagari, tutoto. Barazani hazina shida. Kwenye mtihani, barua ya kazi na kitabu, rudi kwenye ki- na vi-.

6. Uliza: ni KI ya namna au lugha?

Hii hujibu "vipi?" au "ya aina gani?": anatembea kijeshi, kuku wa kienyeji, uamuzi wa kitaalamu, anasema Kihaya. Haina wingi: *wanatembea kijeshi*, hata wakiwa kikosi kizima. Kumbuka pia kwamba wema na ubaya wa tendo hutumia VI: *umepika vizuri*, si "umepika kizuri" wala "umepika mzuri".

Swali linalowatatiza hata walimu: je, navua kiambishi cha zamani kama kwenye udogo? Jibu langu, baada ya miaka ya kusahihisha, ni hili. Jina likiwa la mtu, vua: mfalme, kifalme, mtoto, kitoto, mtaalamu, kitaalamu, mshamba, kishamba. Jina likiwa si la mtu, acha kiambishi mahali pake: mkoa, kimkoa, mwili, kimwili, mtandao, kimtandao, uchumi, kiuchumi, maadili, kimaadili. Ndiyo maana lahaja ya Mvita, yaani Mombasa, ni Kimvita, na ya Mtang'ata kule pwani ya Tanga ni Kimtang'ata. M ya mahali haikuvuliwa.

Makosa matatu ya kukagua hapa:

Kwanza, irabu mbili. Ni Kiingereza, si "Kingereza". Ni Kiislamu, si "Kislamu". Ni Kiitaliano. Ukisita, mtafute mtu wake: Mwingereza ana ingereza, ongeza Ki, i zinakuwa mbili.

Pili, herufi kubwa. Lugha, taifa na dini huchukua kubwa: Kiswahili, Kifaransa, Kikristo. Namna nyingine ndogo: kitoto, kisasa, kienyeji.

Tatu, lugha ni ngeli ya KI na hupatanishwa hivyo. *Kiswahili chake kimenyooka.* Ukisema "Kiswahili yangu ni nzuri", umejikanusha mwenyewe.

7. Kwa kitenzi, hesabu viti

Mbele ya mzizi wa kitenzi kuna viti vitatu, na KI inaweza kukaa chochote.

- Kiti cha kwanza, mtenda: ki-me-vunjika. Kitu fulani kimevunjika.
- Kiti cha pili, wakati au sharti: u-ki-vunja. Endapo utavunja.
- Kiti cha tatu, ubavuni mwa mzizi, mtendwa: u-me-ki-vunja. Umevunja kile kitu.

Katika duara zako za T, kata kitenzi kwa mistari midogo kisha uone KI imekaa kiti gani. Aya kumi za kwanza zitakuchosha. Baada ya hapo mkono unakata wenyewe.

Usisahau CH yake inayorejesha: *kitabu nilichonunua, kitabu ambacho nilinunua*. "Kitabu ambayo" ni kosa ninalokutana nalo karibu kila siku, na kwa waandishi wazoefu pia.

8. KI ya kiti cha pili: sharti au sambamba?

Hii ndiyo KI ya kitenzi inayostahili muda wako.

Ikianza sentensi na tendo la pili likawa linaingojea, ni sharti: *Ukifika Tanga, nipigie.* Ikifuata tendo jingine na yote mawili yakawa yanakwenda pamoja, ni sambamba: *Nilimkuta akipika. Alikuwa akisoma umeme ulipokatika.*

Kukanusha sharti, tumia -sipo-: *usipofika, asipokuja, kisipopatikana*. Lakini sambamba haikanushwi hivyo. "Nilimkuta asipopika" haina maana. Sema *nilimkuta hapiki*.

Vitenzi vifupi kama -la, -ja, -nywa na -fa huacha ku yake baada ya -ki-: *ukila, akija, wakinywa*. "Ukikula" inasikika sana mitaani lakini si sanifu. Kwenye -sipo- ku inarudi: *usipokula*. Kwenye -kisha- pia: *ukishakula, osha sahani*. Tofauti hii haina mkato. Soma kwa sauti mara ishirini.

Usibandike "kama" juu ya -ki-. *Ukija* inatosha, au *kama utakuja*. "Kama ukija" ni kuvaa kofia mbili.

Na usichanganye na -nge-. *Ukija nitakupa* ina mlango wazi: huenda ukaja. *Ungekuja ningekupa* inasema hukuja, au sitarajii uje. Mtu akikuandikia "ungekuja ningekupa" nawe bado unafunga safari, hujamsoma.

Ukikwama

*Jina la mahali linaanza na Ki.* Kigoma, Kilwa, Kibaha: usizipe KI kwenye sentensi. *Kigoma imekua.* Lakini ukitanguliza kijiji, kisiwa au kituo, hicho ndicho kinachotawala: *Kisiwa cha Mafia kina minazi mingi.*

*Jina moja linapatanishwa namna mbili.* Huenda ni majina mawili. Kiboko wa mtoni amezama. Kiboko cha kuchapia kimekatika. Kifaru wa mbugani amejeruhiwa. Kifaru cha jeshi kimelipuliwa. Ukiona habari inasema "kifaru kimeuawa", mwandishi ameua mnyama kwa sarufi ya chuma.

*Vitu vya ngeli tofauti viko pamoja.* Tumia VI: *sahani na kisu vimepotea*. Watu wakiwepo kwenye orodha, panga sentensi upya; usimhesabu mjomba pamoja na masufuria.

*Simu inatenganisha maneno.* "Niki fika", "uki maliza". Kitenzi cha Kiswahili ni neno moja hata kikiwa kirefu: nikifika, ukimaliza. Zima masahihisho ya simu kama yanakushinda.

*Hujui jina lina uhai au halina.* Fungua kamusi utazame ile mabano. Ikisema [a-/wa-], mjadala umekwisha.

*KI zimerundikana na unadhani umekosea kuchapa.* Usifute haraka; kata kwanza. *Kisu kikikikata kidole, osha jeraha kwa maji safi.* Ki-ki-ki-kata: mtenda ni kisu, sharti katikati, mtendwa ni kidole. Zote tatu zina kiti.